Nani anayepiga? Shajara ya mradi wa simu na usukani

Jumanne, 4 Februari

Kamati ya usalama imepitisha mradi. Kwa anayeanza kusoma hapa: sisi ni kampuni ya malori, yadi yetu iko Miritini, tunatoa makontena bandarini Mombasa na kuyapeleka Nairobi, mengine hadi Malaba. Mimi ndiye afisa wa usalama kazini. Kazi niliyopewa imeandikwa hivi kwenye kumbukumbu za kikao: "kuwaelimisha madereva waache kutumia simu wakiendesha." Bajeti ni ya mabango, vitafunio na karatasi za kunakilisha, mhasibu aliipitisha bila kuinua kichwa.

Chanzo ni lori letu lililoacha lami karibu na Samburu, ile ya Barabara ya Mombasa, mwezi uliopita, likapasua vichaka na kusimama limeinama upande. Dereva alitoka mzima, mzigo haukumwagika. Taarifa yake ya kwanza ilisema tairi. Tairi zote zilikuwa na upepo.

Sheria inajulikana na kila mtu yadini, wanaoivunja wakiwamo. Kanuni za makosa madogo ya barabarani za 2016 zinamtoza shilingi 2,000 dereva anayetumia simu gari likitembea. Madereva wameshaiingiza faini hiyo kwenye hesabu ya njia pamoja na chai na kufua nguo, kwa hiyo sitaanza na faini. Nimenakili badala yake kifungu cha Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 kinachomtwika mwajiri wajibu wa usalama wa watu wake wakiwa kazini. Kwa dereva wa masafa marefu, kazini ni kabini. Kifungu hicho nimekibandika ukurasa wa kwanza wa faili kwa sababu najua iko siku nitakihitaji.

Alhamisi, 13 Februari

Kabla ya kumfundisha mtu nilitaka kujua simu zenyewe zinatoka wapi. Nilichukua bili za laini za kampuni, zinazoonyesha namba, saa na muda wa kila simu, nikaziweka kando ya kumbukumbu za traka, zinazoonyesha lori lilikuwa wapi na kwa mwendo gani. Laini binafsi za madereva sikuzigusa. Ni zao, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haituachii kuchungulia tupendavyo. Isitoshe, siku wakihisi nawapekua, mradi umekwisha.

Kazi yenyewe inachosha: mstari wa bili, mstari wa traka, rula mkononi. Baada ya kurasa chache sura ya mambo ilijitokeza, na haikubadilika hadi karatasi ya mwisho. Simu nyingi zilizopokewa lori likiwa mwendoni zilipigwa na sisi wenyewe. Meza ya safari, yaani makarani wanaofuatilia malori njiani, inaongoza. Inafuata ofisi ya hesabu, ikidai risiti. Halafu karakana. Yule wa Samburu, dakika ile ile traka inapoonyesha lori linayumba, alikuwa akizungumza na karani wetu, na karani alikuwa anamuuliza amefika wapi.

Amefika wapi! Karani ana skrini mbele yake yenye ramani nzima ya Barabara ya Mombasa, na lori ni nukta inayotambaa juu yake. Nilimuuliza, bila ukali, kwa nini apige. Akanijibu ukweli mtupu: mteja anapiga kila mara, na mteja hataki habari za nukta. Anataka kuambiwa, "Nimeongea na dereva sasa hivi."

Nimebadilisha kichwa cha mradi kwenye faili. Neno "madereva" nimelifuta nikaandika "wapigaji na wapokeaji". Mkubwa wangu aliuliza kama wapigaji ni ngoma.

Jumamosi, 22 Februari

Darasa la kwanza, pale pale yadini, baada ya magari kuoshwa. Waliitwa madereva wasio na safari, matingo wao, na meza ya safari yote. Makarani walinuna, darasa la madereva lawahusu nini?

Nilianza na kamba. Lori likienda kilomita 80 kwa saa, mwendo ambao kidhibiti kinaukomea, linakata mita 22 na ushei kila sekunde. Tulipima urefu huo kwa kamba ya turubai, tukaanzia ukutani nyuma ya karakana. Tingo mmoja akahesabu kwa sauti, wenzake wakasogeza kamba. Sekunde ya kwanza tumelipita pipa la oili chafu. Ya pili, mlango wa ofisi. Ya tatu, mwembe. Ya nne ikatufikisha getini, na ya tano ikawa haina pa kulala ila nje, kwenye lami wanakopita watu na matatu. Askari wa geti akatoka kuuliza tunapima nini, au yadi inauzwa.

Ndipo nikawaeleza kwa nini sekunde hizo. Mwaka 2009 watafiti wa Virginia Tech, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa madereva wa malori waliofungiwa kamera kabini wakiwa kwenye kazi zao za kawaida. Aliyekuwa akiandika ujumbe alikuwa na hatari mara 23 ya kuingia kwenye ajali au kuponea chupuchupu. Katika kipindi cha sekunde 6 kilichochunguzwa, macho yake yalikuwa nje ya barabara kwa sekunde 4.6. Kwa mwendo wetu hizo ni zaidi ya mita 100: kutoka karakana hadi nje ya geti, mtu kafumba macho, nyuma yake kontena.

Kuandika ujumbe hakuna aliyekutetea. Vita vilianza nilipogusa hedifoni. Akasimama mzee mmoja ambaye yadi nzima inamheshimu, hajawahi kurudisha gari hata na taa iliyopasuka. "Mwanangu," akasema, "mikono miwili iko kwenye usukani, macho yako mbele. Kosa liko wapi hapo?" Makofi, na miluzi ya matingo.

Swali hilo ndilo nililojiandalia kuliko yote. Mwaka 1997 Redelmeier na Tibshirani, huko Toronto, walifanya kazi ya bili kama hii yangu, kubwa zaidi: walichukua madereva 699 waliopata ajali, wakalinganisha saa ya ajali na saa za simu zao. Mtu akiwa kwenye simu, hatari ilipanda takriban mara nne, na wale ambao simu zao hazikuhitaji kushikwa mkononi hawakuonyesha nafuu. Mwaka 2005 watafiti wa Perth, Australia, wakapata mara nne hiyo hiyo kwa madereva waliofikishwa hospitali, ashike simu asishike. Niliwasomea, wakasikiliza kwa adabu. Lakini mtu wa Miritini habari za Toronto huingia sikio hili zikatokea lile, nami nilikuwa na kitu kingine mkobani.

Nilikuwa na kipande cha video ya kamera ya dashibodi, lori letu mchana likitoka Mackinnon Road kwenda Maungu. Nikamwomba mzee akae mbele ya skrini avae hedifoni yake, aitazame njia kama anaendesha. Karani mmoja akaingia chumba cha pili, akampigia kama kawaida ya kazi. Namba ya kontena? Namba ya sili, ile lakiri ya kontena? Uzito wa mizani Mariakani? Kontena tupu linarudi lini? Mzee alijibu yote, sawasawa, bila kusitasita. Watu wakaanza kumpongeza.

"Mzee wangu," nikamuuliza, "yule mama alivuka kutoka upande gani?"

"Mama yupi?"

Tukarudisha nyuma. Mama wa leso ya manjano, mtungi wa maji kichwani, mtoto anamfuata, wanatoka kushoto na kukata barabara mbele kabisa ya lori, na dereva aliyekuwa kwenye usukani siku ile anaonekana kupunguza mwendo kuwapisha. Mzee alisogea hadi pua inakaribia kioo. Aliomba irudishwe tena. "Nilikuwa natazama pale pale," akasema.

Nami naamini alikuwa anatazama. Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah wamefuatilia jambo hili kwa miaka mingi kwa vifaa vya kupima mwendo wa macho: jicho linatua juu ya kitu, akili haikipokei, kwa kuwa imekwenda kutafuta namba ya sili. Kijana mmoja akauliza, na swali lake lilikuwa zuri, mbona basi tingo anapiga soga safari nzima? Tingo anaiona njia. Ng'ombe akitokea, tingo hukata hadithi, au hupiga ukelele kabla ya dereva. Karani aliye Miritini haoni ng'ombe wa Taru. Yeye anaendelea kudai sili.

Chai ilipoletwa, karani yule aliyempigia mzee alinifuata na pendekezo. Kwenye skrini ya traka, lori linalotembea ni kijani, lililosimama ni jekundu. Basi, akasema, kijani usipige. Sentensi nzima ya mafunzo ni hiyo, na haikutoka kwangu.

Jumatatu, 10 Machi

"Kijani usipige" imebandikwa juu ya kila meza ya safari. Wageni hucheka kwamba taa zetu zimepinduka.

Karani mwenye jambo huandika ujumbe mfupi, "Pigia ofisi ukisimama," na dereva husoma atakaposimama. Hapo ndipo penye uzi uliokatika. Traka ilianza kuonyesha malori yetu yakisimama mahali pasipo na duka, mizani wala nyumba: porini kati ya Maungu na Voi, usiku, pembezoni mwa lami. Madereva walikuwa wanausikia mlio wa ujumbe, wanausoma vile vile wakiendesha, kisha wanatii kwa kuegesha hapo hapo. Lori lililosimama gizani pembezoni ni mtego kwa anayekuja nyuma, na kila dereva wa njia ile ana jina la mtu aliyeingia chini ya trela namna hiyo. Tumepunguza balaa moja na kufungua nyingine.

Tukakaa na madereva wanne wazee wa njia, wakatutajia vituo: Mariakani baada ya mizani, Mackinnon Road, Voi, Mtito Andei, Emali. Pana nafasi ya kuegesha, pana watu, pana choo. Sasa ujumbe haupelekwi kabla lori halijaingia kituoni na kuwa jekundu. Kati ya kituo na kituo dereva hana ofisi. Wateja nao tumewapa orodha hiyo hiyo: habari za mzigo zitatoka Voi, zitatoka Mtito, zitatoka Emali.

Ramadhani imetuongezea somo ambalo halikuwa kwenye mpango. Magharibi simu za nyumbani humiminika: umefungua? umekula nini? mtoto anataka kusema nawe. Ni saa mbaya kuliko zote, jua linampiga dereva usoni akielekea bara, kisha giza linaingia ghafla, na tumbo halijapata hata tende. Madereva wenyewe wakapendekeza safari za alasiri zipangwe ili Magharibi iwakute Mackinnon Road, kwenye ule msikiti wa kando ya barabara ambao wasafiri wa dini zote wamezoea kusimama. Wanafungua, wanaswali, wanapiga nyumbani hadi waridhike. Wasiofunga nao wanashukia hapo. Chai ya Mackinnon haibagui. Sidhani bango lolote langu lingepata walichokipata kwa kupanga saa ya kutoka getini.

Ijumaa, 21 Machi

Kikao kigumu. Ofisi ya wafanyakazi ilileta rasimu: dereva akikutwa na simu, barua ya onyo, mara ya pili, nyumbani. Nikauliza rasimu inasemaje kuhusu aliyempigia. Haikusema kitu.

Nilitoa mfano wa Marekani. Kanuni iliyoanza kutumika Januari 2012 ilipiga marufuku dereva wa lori la biashara kushika simu akiendesha, faini ikiwa hadi dola 2,750 kwa dereva. Mwajiri anayemruhusu au kumtaka aitumie aliwekewa hadi dola 11,000. Mkurugenzi aliomba nirudie hiyo ya pili. Nikarudia, kisha nikafungua ukurasa wa kwanza wa faili, kile kifungu cha 2007.

Ilichukua muda. Mwenye kiti cha hesabu aliona ni mzaha kumpa karani onyo kwa kufanya kazi yake. Wawakilishi wa madereva nao walishikilia kwamba simu ya bosi haiachwi ikalia, kwa sababu asiyepokea ndiye wa kwanza kukosa safari nzuri kesho yake. Nadhani hilo ndilo lililogeuza kikao, kwa kuwa kila mtu mezani alijua ni kweli na hakuna aliyewahi kulisema mbele ya mkurugenzi. Iliyopita ni hii: onyo linamwendea aliyepiga lori likiwa kijani, kwa uzito ule ule wa aliyepokea, na dereva asiyepokea akiwa mwendoni haulizwi. Mkurugenzi ametia saini.

Pendekezo la kamera ndani ya kabini liliangushwa. Madereva wanalala mle, wanavalia mle. Mimi pia nilipiga kura ya kulikataa.

Jumatano, 9 Aprili

Sikukuu imepita, malori yamerudi njiani, na mambo madogo madogo yameanza kutokeza.

Moja ni posho. Hela ya njia ilikuwa inatumwa kwa M-Pesa muda wowote mhasibu anapopata nafasi, mara nyingi dereva akiwa kishafika mbali. Hakuna ujumbe duniani mtu anausoma haraka kama wa hela. Hata yule mzee wa hedifoni, ambaye siku hizi anaizima simu na kuitia kwenye droo ya dashibodi, alikiri kwamba mlio huo unamwasha vidole. Sasa posho inatumwa kabla ya geti kufunguliwa, na nyongeza inasubiri kituo.

Jingine ni simu zenyewe. Wengi wana mbili: ya kioo, na mulika mwizi inayokaa na chaji. Ya kioo inaweza kuwekwa ijibu yenyewe kwa ujumbe kwamba mwenyewe anaendesha. Mulika mwizi haina hayo. Kwa hiyo tumerudi kwa binadamu. Tulichapisha kadi ndogo ya kupeleka nyumbani, yenye namba ya meza ya safari ambayo familia inaweza kupiga usiku na mchana. Karani anatazama ramani, anamwambia mama lori liko wapi, na kama kuna dharura dereva anaambiwa kituo kinachofuata. Mke mmoja alikuja mwenyewe yadini na kadi yake. "Nikimpigia akinyamaza ndiye mimi nisiyelala," alisema. Tukamwonyesha skrini. Mumewe alikuwa kijani, nje kidogo ya Kibwezi. Alisimama akaitazama nukta ikisogea, akauliza kama yale ndiyo mwendo wake wa kila siku, maana kwake huwa anakuja taratibu zaidi.

Bado makundi ya WhatsApp ya madereva. Humo ndimo zinamopita habari za jam ya Mlolongo, ajali iliyofunga njia, tembo walioingia barabarani. Kuwaambia wayafute ni kuwaambia waendeshe vipofu. Penye tingo, simu ya kundi anashika tingo na kumsomea dereva yanayomhusu tu. Lori lisilo na tingo linasoma kituoni. Hapo sijaridhika, na madereva pia hawajaridhika, ila hakuna aliyekuja na bora zaidi.

Nimerudia ile kazi ya rula na bili. Simu za meza ya safari kwa malori yaliyo mwendoni zimepungua sana, unaziona kwa kuzitafuta. Za karakana zimekwisha kabisa. Za ofisi ya hesabu zimebaki kidogo, na nyingi ni za mtu mmoja, ambaye barua yake iko njiani. Simu za nyumbani siwezi kuzipima na sitajaribu.

Jumamosi, 26 Aprili

Mkurugenzi alimpigia dereva juzi, lori likiwa kijani baada ya Sultan Hamud. Haikupokewa. Alipiga tena. Haikupokewa. Akateremka hadi meza ya safari kwa hasira za mtu asiyezoea kusubiri, na karani, yule yule wa "kijani usipige", akamwonyesha ukutani karatasi yenye saini yake. Nilikuwepo. Mkurugenzi akavuta kiti, akakaa, akaitazama skrini hadi nukta ilipogeuka nyekundu karibu na Mlolongo. Kisha akaambiwa kwamba nyekundu ya Mlolongo ni foleni ya mizani, lori litasogea sasa hivi, kwa hiyo bado. Barua ya onyo imeandikwa kwa jina lake. Ofisi ya wafanyakazi inauliza nani ataisaini.

Kilichobaki ni wateja. Mawakala wawili wa kutoa mizigo bandarini wana namba za madereva wetu moja kwa moja, na wanazitumia wapendavyo, hasa kontena linapokaribia siku ya kutozwa gharama za kuchelewa. Hao hawamo kwenye sera yetu na hawaogopi barua zetu. Mmoja amekubali tumfanyie darasa ofisini kwake, pale Moi Avenue, Jumatano asubuhi. Video ya Mackinnon Road ninayo. Mzee wa hedifoni amesema atakuja, ila kwa sharti: safari hii yeye ndiye apige simu, na wakala akae mbele ya skrini.